Kabla Hujasambaza: Msamvu, Mumiani na Amana ya Makundi ya WhatsApp

Sifa zote njema anazistahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu msomaji, ni nadra leo kukuta msikiti, madrasa au ukoo usio na kundi lake la WhatsApp. Kuanzia Kihonda na Msamvu mjini Morogoro hadi Kinole, Mkuyuni na Tegetero kwenye milima ya Uluguru, simu imekuwa baraza. Humo hutangazwa darsa, maulidi, ndoa, mgonjwa aliyelazwa na mchango wa paa la msikiti. Mkulima wa ndizi na machungwa huko juu huulizia bei ya Soko Kuu la Chifu Kingalu kabla hajashusha mzigo.

Kheri hiyo hatuikatai. Chukua jambo moja tu, msiba. Sheria yetu inatuhimiza kuharakisha kumzika maiti. Zamani taarifa ya kifo ilipanda na kushuka milima kwa miguu, na ndugu wa mbali alifika kaburi limeshafukiwa. Leo ujumbe mmoja wa alfajiri unatosha watu wakutane kwenye swala ya jeneza baada ya Adhuhuri. Mwenye kusema simu zote ni fitina hajawatendea haki waliozikwa na ndugu zao kwa sababu ya ujumbe huo.

Lakini kundi hilohilo lililoleta tangazo la jeneza asubuhi, jioni huleta picha ya mtu aliyekatwakatwa, sauti ya sheikh isiyojulikana ni ya lini, tahadhari ya watekaji na namba ya kuchangia mgonjwa asiyejulikana na yeyote. Vyote vinapita kwenye kidole kilekile. Hoja ya makala hii ni moja: anayebonyeza kitufe cha kusambaza ni msimulizi kamili, na dhima ya msimulizi iko shingoni mwake, hata kama maneno si yake.

Siku ya Msamvu

Jumamosi ya Agosti 10, 2019, mwezi wa Dhulhija, watu wakijiandaa kwa Idd el-Adh'ha, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu. Lori likalipuka. Siku hiyohiyo waliofariki walikuwa zaidi ya 60, na kadiri majeruhi walivyoendelea kufariki hospitalini, wakiwemo waliohamishiwa Muhimbili, idadi ilipita 100. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na marehemu wengi walizikwa katika makaburi ya Kola. Baadhi ya miili iliungua kiasi cha kutotambulika kwa macho, ikabidi kutumika vipimo vya vinasaba.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa magazetini. Lipo na lililopita kwenye simu. Picha na video za tukio lile, za watu wakichota mafuta na za miili baada ya moto, zilisambaa nchini na nje ya nchi kwa muda mfupi. Fikiria hali ya mama ambaye mwanawe ni dereva wa bodaboda, hajarudi nyumbani, na simu yake inaanza kulia. Bado hajapigiwa na hospitali wala polisi, na hajafikiwa na mzee wa mtaa wala imamu. Kinachomfikia kwanza ni video iliyotumwa na mtu asiyemjua, katika kundi la kikoba, chini yake pameandikwa maneno ya kumwombea marehemu rehema.

Aliyetuma pengine alidhani anafanya jema. Alitaka watu wawaombee, au wajifunze. Lakini tuangalie Uislamu unavyomheshimu maiti. Anayemwosha maiti anatakiwa kumfunika, na akiona kwenye mwili wake jambo la aibu, alisitiri. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai. Tukishajua hivyo, tutawezaje kusema kwamba maiti yuleyule, akiwa hajaoshwa wala hajatambuliwa, ni halali kuonyeshwa kwa maelfu ya watu wanaokunywa chai?

Picha inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiwe halali kuisambaza. Hapa wengi hukosea, wakidhani swali la pekee ni kama habari ni ya uongo. Kusengenya, kwa maana aliyoifafanua Mtume (s.a.w.) mwenyewe, ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia ilhali ni kweli analo. Likiwa si kweli, hilo limevuka kusengenya na kuwa uzushi. Kwa hiyo swali la ukweli ni la kwanza tu. Linafuata la pili: nani anaumia, na nani ananufaika, nikilituma hili?

Uvumi ulikuwepo kabla ya simu

Wapo wanaosema balaa hili limeletwa na mitandao. Historia ya hapa kwetu haiwaungi mkono. Wakati wa ukoloni, Uluguru, kama sehemu nyingine nyingi za Afrika Mashariki, ilikumbwa na uvumi wa mumiani: watu wanaodaiwa kunyonya damu ya wenzao ili itengenezwe dawa. Mtafiti wa Kiholanzi Peter Pels, aliyeandika kwa kirefu kuhusu Waluguru na wamisionari wa zama hizo, aliliandikia makala jambo hilo. Hapakuwa na simu wala bando. Palikuwa na hofu, wageni wasioeleweka, na midomo.

Uvumi huo haukufa na ukoloni. Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, mkoa jirani wa Dodoma, watafiti wawili kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao, waliuawa na wanakijiji na miili yao kuchomwa moto pamoja na gari. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Neno lililopita kijijini lilikuwa kwamba wao ni wanyonya damu. Kabla mtu hajauliza kwa viongozi, watu watatu waliokwenda kumsaidia mkulima walikuwa wameshakufa.

Kwa hiyo simu haikuuanzisha uvumi. Imeuongezea mambo mawili. La kwanza ni kasi. Ujumbe ukitumwa katika makundi matano yenye watu 200 kila moja, umeshawafikia watu 1,000. Katika hao, mmoja tu katika kila mia akifanya vivyo hivyo, wako kumi, na wamewafikisha watu 10,000 wengine. Hakuna mbio za miguu kutoka Kinole hadi Msamvu zinazoweza kushindana na hilo, na hakuna masahihisho yanayoweza kuufukuzia ujumbe huo yakaufikia kila ulikopita.

La pili ni kupotea kwa uso wa msemaji. Zamani ulipoambiwa jambo barazani ulimwona anayekuambia. Ulijua huyu ni mwenye kupenda chumvi, yule ni mtu mzima mwenye kupima maneno. Ukaweza kumuuliza: umeona au umesikia? Kwenye simu, maneno ya mzushi huja kwa jina na picha ya mjomba wako unayemwamini. Unamwamini mjomba, na mjomba hakuyasema. Ameyapitisha tu.

Wenye programu hizo wameliona tatizo hilo. Mwaka 2018 nchini India, uvumi wa watekaji watoto uliosambaa kwa WhatsApp ulisababisha watu wasio na hatia kuuawa na makundi ya wananchi wenye hasira. Julai 1 mwaka huo wanaume watano waliuawa kwa siku moja katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra. Mwezi huohuo kampuni ikaanza kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa na kupunguza idadi ya mahali pa kuutuma. Januari 2019 kikomo cha mahali watano kikawekwa duniani kote. Aprili 2020, wakati wa uvumi wa Korona, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, ukaruhusiwa kutumwa mahali pamoja tu kwa wakati mmoja.

Ile mishale miwili, ndugu msomaji, wengi wetu huiona kama pambo. Maana yake ni kwamba anayekutumia si aliyeandika, na aliyemtumia yeye pia si aliyeandika. Kwa lugha ya wanachuoni wetu wa Hadithi, ni habari isiyo na isnadi. Umma huu ulijenga elimu nzima ya kuuliza nani kapokea kutoka kwa nani, je, walikutana, na je, alikuwa mkweli na mwenye hifadhi nzuri. Imamu Muslim aliifungua Sahihi yake kwa utangulizi unaoonya juu ya kupokea habari kiholela, na ndani yake imo Hadithi inayomhesabu mwenye kusimulia kila anachokisikia kuwa tayari ameshaingia katika uongo. Ni ajabu kwamba warithi wa elimu hiyo ndio leo wanaotuma kwanza na kuuliza baadaye.

Uvumi mchungu na uvumi mtamu

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inajulikana na wengi: akija mtu asiyeaminika na habari, Waumini wametakiwa wabainishe kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Khutba nyingi kuhusu mitandao huanzia na kuishia hapo. Lakini tunaisoma aya hiyo kana kwamba inahusu habari mbaya tu. Sira inatuonyesha kwamba habari tamu nayo hudhuru.

Waislamu wa mwanzo walipohamia Habasha kukimbia mateso ya Makka, iliwafikia habari kwamba Makuraishi wamesilimu. Ilikuwa ndiyo habari waliyoitamani kuliko zote. Baadhi yao wakafunga safari, wakavuka bahari, na walipokaribia Makka wakagundua si kweli. Ikabidi waingie mjini kwa kujificha au kwa kuomba ulinzi wa mtu. Hawakudanganywa na chuki, walidanganywa na matumaini.

Ugonjwa huo tunao. Mwislamu ambaye hawezi kusambaza habari mbaya dhidi ya jirani yake hasiti kusambaza kwamba mtu fulani maarufu wa Ulaya amesilimu, au kwamba jina la Allah limeonekana kwenye mawingu. Mfano wa miaka mingi ni ule wa Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, anayedaiwa kusikia adhana huko na kusilimu. Habari hiyo ilienea katika nchi nyingi za Kiislamu hata mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikalazimika kuzijulisha balozi zake kwamba si kweli. Mwenyewe alikanusha. Hadi leo bado inasomwa katika simu zetu.

Mtu atasema: ina madhara gani? Madhara yake ni kwamba kijana aliyesikia dini yake ikithibitishwa kwa uzushi, siku akiugundua uzushi huo huanza kuitilia shaka dini yenyewe. Haki haihitaji msaada wa uongo.

Mwezi mmoja wa Madina

Anayetaka kujua uvumi unaweza kufanya nini ndani ya jamii ya Waumini, asome tukio la Ifki katika Suratun Nur, kuanzia aya ya 11. Mama wa Waumini Aisha (r.a.) alizuliwa jambo waliporudi kutoka safari ya vita. Mzizi wa uzushi ulikuwa kwa wanafiki, lakini ulipita pia katika ndimi za Waislamu wa kweli, akiwemo Mistah, aliyepigana Badr. Kwa karibu mwezi mzima nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa katika dhiki, mpaka wahyi uliposhuka kumtakasa.

Katika kisa hicho kuna watu wa kuigwa. Abu Ayyub al-Ansari na mkewe walipolizungumza jambo hilo nyumbani, walijipima wao wenyewe kwanza: je, sisi tungeweza kufanya hivyo? Kama si sisi, basi yule aliye bora kuliko sisi yuko mbali nalo zaidi. Mjadala ukaishia pale. Zaynab bint Jahsh (r.a.) naye, ambaye kama mke mwenza angeweza kuutumia uvumi ule, alipoulizwa alikataa kusema asilolisikia wala kuliona, akamtaja Aisha kwa kheri. Hao walifanya kile ambacho kwenye simu ni rahisi kuliko vyote: waliufikisha ujumbe kwao, na haukutoka tena.

Kuna na somo la upande wa pili. Abu Bakr (r.a.), baba yake Aisha, alikuwa akimsaidia Mistah kwa sababu ya udugu na ufukara wake. Alipojua kushiriki kwake aliapa kukata msaada. Wahyi ukamwelekeza kwenye msamaha, akaurejesha. Magomvi ya makundi yanapovunja ukoo au safu za msikiti, tukumbuke kwamba aliyekosea kwa kusambaza anarekebishwa, na akirekebika husamehewa. Kumtoa kundini mbele ya watu 300 na kumsema baada ya kumtoa si marekebisho.

Fedha, fatwa na mwezi mwandamo

Mambo matatu yanahitaji tahadhari ya pekee katika makundi ya Waislamu.

Kwanza, fedha. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), katika ripoti zake za robo mwaka, imekuwa ikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Sote tunaujua ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Sasa umevaa kanzu: mgonjwa yuko mahututi, yatima wamekosa ada, msikiti wa kijijini umeezuliwa paa. Mwislamu akisikia sadaka moyo hulainika, na mlaghai anajua hilo. Kundi la msikiti lisipitishe ombi la mchango ambalo hakuna mjumbe anayemjua mhusika kwa uso. Fedha zipokewe na mweka hazina anayejulikana, na hesabu isomwe kundini baada ya zoezi. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, na kila mmoja abonyeze *106# kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukisambaza ombi la uongo na ndugu kumi wakatoa, wametoa kwa kukuamini wewe.

Pili, fatwa. Mufti humjibu muulizaji kwa hali yake. Mwanamke aliyeko Muscat akiuliza kuhusu maneno ya talaka aliyoambiwa na mumewe, jibu limejengwa juu ya maneno yale, nia ile na mazingira yale. Kipande cha dakika moja kikikatwa na kuletwa Morogoro, mke mwingine anaweza kujiona ameachika au mume akajiona yuko salama, na wote wawili wamekosea. Mas'ala ya talaka, mirathi na eda yapelekwe kwa mwenye elimu ana kwa ana, au kwa kadhi. Anayesambaza kipande cha fatwa asichojua swali lake ni kama anayegawa dawa ya mgonjwa mwingine.

Tatu, mwezi. Kila mwaka Ramadhani na Idd zinapokaribia, tofauti ya mwandamo wa ndani na wa kimataifa hufufuka. Hiyo ni khilafu ya wanachuoni na ina adabu zake. Lisilo na adabu ni sauti ya tangazo la mwaka uliopita kurushwa usiku wa kuamkia siku ya shaka, watu wakafungua au wakafunga kwa sababu yake. Tangazo la mwezi lisilo na tarehe na jina la mtangazaji lisipite kidoleni mwako. Subiri chombo unachokifuata kitangaze chenyewe. Kuchelewa dakika ishirini kupata habari sahihi hakumharibii mtu saumu yake.

Sheria ya nchi na wajibu wa wenye mamlaka

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Vijana wanaosambaza kwa mzaha walijue hilo.

Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Aya ya 83 ya Suratun Nisaa, inapowakemea wanaotangaza kila habari ya amani au ya hofu, inawaelekeza wairejeshe kwa Mtume na kwa wenye madaraka miongoni mwao, wenye uwezo wa kuichambua. Maana yake ni kwamba lazima awepo wa kurejeshewa. Mwananchi anayeambiwa achunguze kabla ya kusambaza anahitaji mahali pa kuchunguzia.

Miaka hii mahali hapo pamekuwa pakipungua. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, mitandao ya kijamii ilibanwa. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Septemba 2025 TCRA ilisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90, jukwaa la majadiliano lililoanza mwaka 2006 na ambalo pia lina huduma ya kuhakiki habari, JamiiCheck. Siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Watu waliokuwa na ndugu Dar es Salaam na Mwanza hawakuwa na njia ya kujua nani yuko salama.

Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya siasa za hatua hizo. Kwa upande wa uvumi, jambo moja liko wazi: kuzima mtandao hakuzimi uvumi. Mumiani alitembea Uluguru bila mtandao, na penye giza hutembea haraka zaidi. Dawa ya habari ya uongo ni habari ya kweli iliyotolewa mapema na mtu anayejulikana. Hilo ni deni la Serikali, la Mkuu wa Mkoa na polisi panapotokea ajali kama ya Msamvu, na ni deni la viongozi wetu wa dini panapotokea mzozo wa msikiti. Imamu anayenyamaza wiki nzima kuhusu fedha za ujenzi hana haki ya kushangaa kundi likijaa maneno.

Masuala yanayoulizwa

*Je, aliyesambaza uongo bila kujua anapata dhambi?* Asiyekusudia si sawa na aliyekusudia. Lakini aliyekuwa na uwezo wa kuuliza akaacha, hawezi kujificha nyuma ya kutojua, kwani kubainisha ndiyo amri yenyewe. Akigundua, toba yake haitimii kwa kufuta ujumbe kimyakimya. Ausahihishe palepale alipoutuma, kwa maneno ya wazi, na kama kuna aliyeumizwa amtake radhi.

*Je, msimamizi wa kundi anahusika na yanayotumwa na wengine?* Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Msimamizi hawezi kuzuia kila jambo, lakini anaweza kufuta, kuonya kwa faragha, na kufunga kundi usiku ili wasimamizi pekee waandike. Kundi la matangazo ya msikiti na la mazungumzo ni vema yawe mawili, ili tangazo la jeneza lisizame chini ya vichekesho 80.

*Je, kutoka katika kundi la ukoo ni kukata udugu?* Kulefti peke yake si kukata udugu. Udugu huungwa kwa kumtembelea mgonjwa, kupiga simu na kusaidia. Yuko mtu aliye katika makundi sita ya ukoo na hajampigia shangazi yake tangu mfungo uliopita. Kama kundi limekuwa la kusengenya na nasaha haijasikilizwa, aage kwa heshima, au azime mlio wake na abaki kwa ajili ya misiba. Asiache kuwafikia ndugu kwa njia nyingine.

*Na muda unaopotea?* Huu nao ni mtaji utakaoulizwa. Anayelala saa nane usiku kwa kusoma mabishano ya makundi, kisha Alfajiri ikampita, hahitaji fatwa ndefu. Simu ilale chumba kingine baada ya Isha, na baada ya swala ya Alfajiri dakika za mwanzo ziwe za adhkari kabla ya kufungua skrini. Makundi yapunguzwe yabaki yale ambayo mtu, akiulizwa faida yake, anaweza kuitaja.

Kwa ufupi, ujumbe unapofika mkononi, muulize maswali matatu: Nani ameusema, na lini? Ni kweli, na nimejuaje? Ukifika kwa anayehusika nao, utamjenga au utamvunja? Ukikosa jibu la hata moja, uache uishie kwako. Hakuna Mwislamu atakayeulizwa Siku ya Kiyama kwa nini hakuwa wa kwanza kutuma. Malaika waandishi wanaandika kile tulichokituma, na mbele yao hakuna kitufe cha kufuta kwa wote.

Allah atusitiri aibu zetu, awarehemu waliotangulia, na azifanye simu zetu ziwe hoja kwetu na zisiwe hoja dhidi yetu.

Wallahu a'lam.